Kishingo Mwenye Kishungi

Fundi saa alikuwa na mradi, na mtu mwenye mradi hana majirani, ana wasikilizaji. Msikilizaji wake wa karibu alikuwa shemeji yake, fundi cherehani, mjane wa marehemu kaka yake. Nyumba zao zilitenganishwa na ukuta usiofika mabegani. Kaka mtu alipofariki, fundi saa alikwenda kumpa pole shemeji yake siku tatu mfululizo akakosa la kusema, na siku ya nne akaanza kuzungumzia kuku. Huu ulikuwa mwaka wa tatu, na hajanyamaza.

Mradi wenyewe ulikuwa kumpata kuku mweupe pepe, kishingo, yaani mwenye shingo tupu isiyo na unyoya hata mmoja, na kichwani awe na kishungi kama kofia. Kwa nini dunia imhitaji kuku wa namna hiyo, hakuna aliyethubutu kuuliza, maana jibu lingekula mchana kutwa. Lilikuwepo daftari la vizazi, ambamo kila jogoo alikuwa na namba na kila tetea ameandikiwa tabia zake, mbaya zaidi kuliko nzuri. Kikapatikana na kikundi cha kwenye simu, watu wanne wanaofuga uani: mafundi hao wawili, muuguzi wa zahanati na mwenye bucha.

"Kizazi cha nne," fundi saa aliandika chini ya picha ya jogoo mchanga mwenye shingo nyekundu. "Angalieni kishungi kilivyokaa."

"Mbona kama kaungua?" mwenye bucha akauliza.

Sasa, tatizo la kuku wa kitaalamu ni kwamba hawakubali kuatamia. Walitaga, wakaenda zao kutembea. Ndipo siku moja fundi saa akatokeza ukutani na mayai kumi na moja kikapuni, kila moja limeandikwa namba kwa penseli.

"Shemeji, yule koo wako mweusi ameanza kuatamia?"

"Wiki ya pili hii. Anaatamia kitasa cha mlango."

"Basi nimpe kitu cha maana. Hata kuku wa kawaida anaweza kuchangia utaalamu."

"Nitamwambia. Atafurahi sana kusikia hivyo."

Siku ya kumi na sita, saa nane mchana, fundi cherehani alikuwa anapiga pasi bitana ya hariri ya koti la mteja aliposikia banda linapasuka kwa kelele. Alitoka mbio, bitana bado iko mkononi. Kenge mmoja, mnene kama paja, alikuwa ameingiza nusu ya mwili kwenye kiota, na koo mweusi amempanda mgongoni anamdonoa kisogo kama anayemdai. Fundi hakuwa na fimbo wala panga. Alikuwa na mita mbili za hariri, akamrushia. Kenge akafunikwa gubigubi, akazunguka mara mbili bila kuona aendako, kisha akatimkia mtaroni akiwa amevaa vizuri kuliko mteja mwenyewe.

Habari ilipofika kwenye kikundi, kila mtu alikuwa na mnyama wake. Muuguzi alisimulia fungo aliyemkuta jikoni akinusa sufuria. Mwenye bucha alimleta tena chatu wake, ambaye mwaka juzi alikuwa na futi sita na sasa alikuwa amefika kumi na mbili. Katika kikundi kizima, ndiye mfugo pekee aliyekuwa anakua vizuri.

Fundi saa hakuandika kitu. Aliruka ukuta, akapiga magoti mbele ya kiota. "Yamebaki manne," alisema. "Namba mbili, namba tano…"

"Kuku ana tundu la kuingia kidole chini ya bawa," shemeji yake akamkata, "na wewe unasoma namba."

Fundi saa akageuka, akaona damu. Akanyamaza, jambo ambalo halikuwahi kutokea, akatoa mfukoni lenzi yake ya kazini na kuibana jichoni. Shemeji akachemsha sindano, akachukua uzi wa hariri, akaosha jeraha kwa maji ya chumvi. Fundi saa alishika, shemeji akashona. Mikono ile iliyozoea kubeba springi nyembamba kuliko unywele leo ilibana kingo za jeraha.

"Kaka angekuwepo angejua la kufanya," fundi saa alisema polepole.

"Kaka yako alikuwa anaogopa kuku."

"Nani?"

"Huyo huyo. Jogoo akiingia ndani, yeye anapanda kitandani. Aliniapisha nisimwambie mtu, hasa wewe."

Fundi saa alimtazama, lenzi ingali jichoni, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yakaendelea hata kicheko kilipokwisha. Shemeji yake alifunga fundo la mwisho, akakata uzi kwa meno.

Koo alirudi mwenyewe kwenye mayai kabla jua halijazama, anachechemea. Siku ya ishirini na moja wakatoka vifaranga watatu. Wawili walikuwa vifaranga tu. Wa tatu alikuwa na shingo tupu kabisa na kishungi kilichokaa barabara, na alikuwa mweusi tii, kama jogoo wa fundi cherehani, ambaye hakuna aliyewahi kumpa namba na ambaye ni wazi hakuutambua ukuta kama mpaka.

Fundi saa alimwangalia kifaranga muda mrefu. Alifungua daftari, akalifunga. Kisha akatuma picha: "Kizazi cha tano. Rangi ni ya makusudi."

"Hongera," muuguzi akajibu. "Baba yake nani?"

Swali hilo halijajibiwa hadi leo. Kesho yake fundi saa alikuja kwa kupitia mlangoni, akavuta kiti karibu na cherehani. Shemeji yake alikuwa anakata bitana mpya na kutunga uongo wa kumwambia mteja.

"Hivi," alisema fundi saa, "kitandani alikuwa anapanda na viatu?"

"Na viatu," alisema shemeji, akaweka mkasi chini, akamsimulia yote.