Vyombo vya Nyumba Isiyo na Paa

Nawaandikia nyinyi mnaofunga mabegi kwenda kuishi ugenini na watoto wenu. Wengine watawaonya kuhusu baridi, wengine kuhusu watoto kuota pembe. Mimi nawaonya kuhusu mume anayenunua friji.

Sisi friji hatukukosa. Tulikuwa nazo tatu. Moja ndogo ya kutumia, inayonguruma kama mtu mwenye kikohozi, na mbili za nyumbani, ziko ndani ya maboksi yake, zimesimama kwenye korido kama walinzi. Ukitaka kwenda chooni unapita upande upande, umevuta tumbo ndani. Nilipokuwa na mimba ya mtoto wangu wa mwisho, ilifika mahali sipiti kabisa mpaka mtu aje anisogezee.

Ninaposema za nyumbani, namaanisha za ile nyumba ambayo shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anatusimamia kuijenga kule tulikotoka. Kuta zimefika kwenye linta, pale juu ya madirisha. Zilifika hapo binti yangu mkubwa akiwa darasa la tano. Sasa binti anasomea kutengeneza miwani, na kuta ziko pale pale. Shemeji akituma picha tunaona majani yameota sebuleni. Mume wangu anaivuta ile picha kwa vidole viwili, anasema, "Hapa itakaa sofa."

Na sofa anayo. Imesimamishwa wima nyuma ya mlango, imefungwa kama maiti. Kazi yake mume wangu ni kufunga mizigo kwenye ghala. Kutwa anafunga, akirudi anafunga. Kwenye kona anaweka karatasi ngumu, juu yake plastiki yenye mapovu, halafu anazungusha selotepu ile pana ya kahawia mpaka kitu kinakosa pumzi. Anasema kontena likijaa tunaondoka. Wenzetu tuliotoka nao sehemu moja wamemwita Kontena, na yeye anaona ni cheo.

Siku moja akaja na hodhi la kuogea, lile refu la kujilaza, wamelibeba yeye na rafiki yake ngazi zote mpaka ghorofa ya nne. Sisi tunaoga tumesimama kwenye kichumba ambacho ukiinama kuokota sabuni unafungua mlango kwa makalio.

"Baba Watoto, hili linakaa wapi?"

"Ni kwa muda tu, mama."

Kwa muda likakaa sebuleni. Kwa muda mtoto wa mwisho akaanza kulala humo, maana pale palipokuwa na kitanda chake pamekaliwa na masufuria ya nyumbani. Dada yake akambandika jina, Bata. Asubuhi unasikia, "Bata, toka majini, shule hiyo!"

Shuleni wakaambiwa wachore wanapolala. Bata akachora hodhi, na yeye ndani kajifunika blanketi. Mwalimu akaniita, akaniuliza kwa sauti ya chini, ile ya hospitali, kama nyumbani kuna amani. Nikamwambia ipo, ila tuko njiani kuhama.

"Mnahama lini?"

"Mwakani."

Nilikuwa nimeshampa jibu hilo hilo mwalimu wa dada yake.

Binti mkubwa yeye alisomea kwenye meza yangu ya kupigia pasi. Mimi nafua na kunyoosha mashuka ya hoteli, na mengine narudi nayo. Kwa hiyo upande huu mimi na mashuka, upande ule yeye na lenzi zake, na vifremu, na bisibisi ndogo kama sindano. Nikikandamiza pasi, lenzi zinaruka.

"Mama, nina mtihani wa vitendo mwezi ujao," akaniambia siku moja, yuko chini anatafuta skrubu kwa tochi ya simu. "Mwenzangu wa darasani ana chumba, anataka tukae wote. Kina nafasi."

Nikaiweka pasi chini. "Unataka kuhama?"

"Sitaki. Nipe meza tu, mama. Nikipata meza, sihami."

Wazazi wenzangu mnanielewa. Mtoto wa kike, mji wa watu, chumba kimoja na mtu ambaye kwao sikujui. Palepale nilishamwona anakohoa, hajala, halafu mwanaume yuko mlangoni. Na dawa ya yote hayo tulikuwa nayo ndani: meza ya kulia ya watu sita, mbao tupu, imesimamishwa ukutani kwenye gamba lake la plastiki pamoja na viti vyake.

Jioni mume wangu alikuwa anakula chini, sahani ya plastiki iko juu ya goti, mgongo kauegemeza kwenye meza yenyewe.

"Baba Watoto, tufungue meza."

"Meza ipi?"

"Hiyo unayoiegemea."

Akageuka kuitazama kama mtu aliyesikia mama yake anatukanwa. "Hii ni ya nyumbani."

"Mtoto hana pa kusomea."

"Mama Watoto, ukishakata selotepu kitu si kipya tena. Siku ya kufika wageni wataona nini?"

"Wageni gani? Sebule yako imeota majani. Wageni wako ni mbuzi."

Binti akacheka, halafu akajizuia. "Baba, nitatandika magazeti. Hata kalamu sitailaza juu yake."

"Leo magazeti, kesho chai, keshokutwa alama ya kikombe. Vumilia, mwanangu. Mwakani tu."

"Mwakani hii ni ile ya darasa la tano, baba, au imetoka mpya?"

"Usinijibu hivyo, mimi si rika lako! Yote haya nanunua kwa ajili ya nani? Si yenu?"

"Asante, baba. Tukizeeka tutakaa vizuri."

Jumamosi akahama, baba yake yuko kazini. Tulisogeza friji moja ili begi lipite. Bata akambebea mto mpaka kituoni, akarudi na mimi mikono mitupu.

Mume wangu alirudi, akasimama kwenye korido hata viatu hajavua.

"Nani amesogeza friji?"

"Mimi. Begi lilikuwa linapita."

"Begi la nani?"

"La mwanao. Amehama."

Akalishika boksi la friji huku na huku, akalipapasa kona zake. "Nilidhani mmeigonga," akasema.

Nikajipa moyo kwamba ni mshtuko, kwamba mwanaume uchungu wake unachelewa kufika. Jumapili iliyofuata akaingia na jenereta. Akaipima kwa macho, akaisukuma mpaka kwenye ile kona aliyokuwa analala binti yangu. Ikaenea kama iliyochongewa pale.

"Unaona," akasema huku anapangusa mikono, "nafasi imepatikana."

Jumatatu alipotoka tu, nikachukua kisu cha jikoni.

Niliwaita binti na yule mwenzake wa chumba, msichana mnene mwenye kucheka, ambaye kikohozi hana na mwanaume mlangoni hana. Nikaipasua selotepu kutoka juu mpaka chini. Mapovu yalilia pa pa pa, Bata akashangilia. Katikati ya miguu ya meza mume wangu alikuwa amechomeka mfuko, kuziba uwazi, maana haachi uwazi. Ndani mlikuwa na gauni la njano na viatu vyeupe, bado vina karatasi za dukani. Nikavikumbuka. Ni nguo za binti mkubwa, za kuvaa siku ya kushuka nyumbani.

Binti akalishika gauni, akalipima juu ya fulana yake. Likaishia kitovuni.

"Kumbe nilikuwa mdogo hivi," akasema.

Meza ikashuka ghorofa nne, sisi tukihema kama punda, Bata kabeba skrubu kwenye soksi. Viti tuliweza vinne.

Jioni hiyo mume wangu hakuhitaji kuambiwa. Aliona akiwa bado mlangoni.

"Meza iko wapi?"

"Kwa mwanao. Ukiitaka, ifuate."

Akachukua selotepu yake, akatoka mbio kuazima gari la rafiki yake. Mimi na Bata tukadandia basi. Niliona mlango unavunjwa, binti analaaniwa, majirani wanapiga simu polisi.

Tulipofika tulimkuta amekaa. Kakaa mwisho wa meza, selotepu iko mkononi kama bangili, na kikombe cha chai kakiinua hewani. Binti yuko upande wa pili, anakaza skrubu ya fremu, hamtazami.

"Niletee kitambaa cha kuweka chini ya kikombe," mume wangu anasema.

"Sina, baba. Kunywa tu."

"Itapata alama."

"Ni meza ya kulia, baba."

Akaendelea kukishika. Chai ilikuwa ya moto na kikombe hakina sikio. Alikihamisha mkono huu, akakihamisha ule, akapuliza vidole, jasho likamtoka kwenye paji la uso. Yule msichana mnene akageukia dirishani, mabega yakimtikisika. Mwisho mume wangu akashindwa, akakiweka.

Alipokiinua, duara lilikuwa pale. Akalifuta kwa mkono wa shati. Akalifuta tena. Akainua macho kutafuta wa kumlaumu, ndipo akaliona gauni la njano linaning'inia kwenye msumari ukutani. Akalitazama. Akamtazama binti, kuanzia kichwani mpaka kwenye slipa. Akarudi kwenye gauni.

"Hili nililinunua kubwa," akasema polepole. "Ili lisikubane mapema."

"Halikunibana, baba. Sikulivaa."

Akavua selotepu mkononi, akaitia mfukoni. Chai akaimaliza. Wakati wa kuondoka akasema, bila kumtazama mtu, "Viti viko sita. Vile viwili nitavileta."

Alivileta kweli. Sasa msije mkadhani alipona. Jenereta iko kwenye kona yake, kuta ziko kwenye linta, na wiki iliyopita kaja na mapazia. Nimejifunza kukata karatasi kabla hajavua viatu, na sasa dirisha la jikoni limevaa mapazia ya sebule ya majani.

Binti mtihani alifaulu. Kurudi hakurudi. Jumapili anakuja, anabonyeza kengele kama mgeni, anakaa kwenye ukingo wa hodhi, anakunywa chai, anaondoka. Aliomba meza ili abaki. Meza anayo, na kubaki kumepita. Kwa hiyo nyinyi mkifika huko, kabla hamjavua makoti, fungueni boksi la sahani.

Bata nimemnunulia kitanda. Hakitaki, anasema hodhi amelizoea. Juzi tulikutana na mwalimu wake getini, akaniuliza tena, kwa ile sauti ya hospitali, tunahama lini.

Kabla sijafungua mdomo, Bata akamjibu: "Mwakani."