Ushauri wa Baba Springi

Mume wa dada yangu mdogo ni mpima ardhi, na pale gereji tunamwita Bwana Mita. Hana dogo. Ukimwalika chakula atakuambia meza yako imeinama upande wa dirishani, na kabla hujanawa mikono atakuwa ameshakunja karatasi na kuisukuma chini ya mguu wa meza. Ni mtu mwema, lakini anachosha.

Jumatano asubuhi aliingiza gari lake uani kwangu, lile gari kuukuu la porini linalovuta kwa magurudumu yote manne, akashuka na faili la plastiki kwapani. Nilijua tu. Mtu akija gereji na faili, ujue ameshatibiwa kwingine na kwako amefuata sindano.

"Shemeji," alisema, "nimeliinua."

Niliona. Gari lilisimama kama mtu anayevuka dimbwi akiwa ameshika nguo zake. Alikuwa amefunga springi ndefu mbele na nyuma, yeye mwenyewe, nyumbani kwake, kwa wikendi mbili, akifuata maelekezo ya kundi la mtandaoni la wapenzi wa magari ya namna hiyo. Sentimita saba kamili. Nilichungulia chini: boliti zimekazwa sawasawa, shokapu zimebadilishwa, hakuna kilichoachwa kikicheza. Sikumsifu, maana huyu ukimsifu kidogo kichwa kinavimba.

"Ninyooshee usukani tu, unavuta kushoto. Jumamosi tunapanda mlima."

Kila Jumamosi anapanda. Dada yangu ni muuguzi, na mumewe ndiye humpeleka kwenye zahanati ndogo ng'ambo ya mlima kuchanja watoto, kwa sababu gari la kazini kwao halifiki kule. Kupanda si taabu. Kuteremka upande wa pili ndiyo kazi: ni makorongo matupu, unayavuka mshazari, gurudumu moja likibaki linaning'inia hewani, na upande wa kushoto hakuna kitu mpaka chini bondeni. Nimeiendesha njia ile mara mbili. Mara ya pili niliapa kwamba sirudi.

"Paipu za breki umebadilisha?" nilimuuliza.

Kutoka kwenye chasisi hadi kila gurudumu la mbele kuna kipande cha paipu ya mpira kinachopitisha mafuta ya breki. Ukiliinua gari, gurudumu linaweza kushuka chini zaidi kuliko zamani, na paipu ya kiwandani inabaki na urefu wake ule ule. Ikichanika, unakanyaga breki na mguu unakwenda mpaka sakafuni.

"Hazihitajiki," alisema Bwana Mita, akafungua faili.

Ukurasa wa tatu ulikuwa umepigwa mistari ya kalamu ya njano. Nikasoma: "Ndugu zangu, msidanganywe na wauza vipuri. Gari hili ukiliinua hadi sentimita saba, paipu ya kiwandani inatosha na kubaki. Nimepima mwenyewe, kuna ziada ya sentimita nne. Miaka kumi nateremka milima nayo. Anayebisha alete futi." Chini yake jina la mwandishi, Baba Springi, na picha ya mkono ulioshika futi kando ya paipu.

Niliirudisha ile karatasi ndani ya faili taratibu.

"Huyu ni mjinga," nilisema.

"Si mjinga hata kidogo. Shemeji, mimi sikukurupuka. Nimesoma watu zaidi ya arobaini mle ndani. Wengi wanasema 'mimi naona', 'jirani yangu aliniambia', wengine wanatukanana tu. Huyu peke yake ametoa namba na picha. Na watu mia tatu wamemshukuru."

Hilo ndilo lililoniuma. Alikuwa amechuja. Alikuwa amefanya kile tunachowaambia watu wafanye kila siku, waache kelele wamtafute aliyepima.

"Alipima gari likiwa limesimama kwenye sakafu," nilisema. "Magurudumu yamenyooka, uzito wote umekaa juu yake. Hapo paipu yoyote itaonekana ndefu."

"Umejuaje alivyopima?"

Nikajitia hamnazo, nikavuta jeki.

Nililinyanyua gari kwa chasisi mpaka gurudumu la mbele la kushoto likaning'inia. Nikazungusha usukani mpaka mwisho. Paipu ikakaza kama kamba ya kuanikia nguo.

"Haya, shika."

Alitazama, hakushika. "Hapo umelinyanyua kwa jeki. Barabarani uzito uko palepale."

"Kwenye korongo haupo."

"Baba Springi ameteremka milima miaka kumi. Usichukie, shemeji, lakini wewe ni fundi wa magari yote. Leo lori, kesho teksi. Huyu ni wa gari hili moja tu."

Simu yake ikalia. Alikuwa dada. Nilimsikia vizuri, maana mumewe huweka sauti ya nje hata akiwa msibani. Alitaka kujua kama gari litakuwa tayari, kwa sababu sanduku la chanjo likishatolewa kwenye friji halingoji mtu, na safari hii angekwenda na msaidizi wake ambaye ni mjamzito.

"Gari liko tayari," alisema Bwana Mita. "Ni kaka yako tu ana wivu na mtaalamu mmoja. Jumamosi alfajiri tunaondoka."

Akakata simu. Nilikuwa bado nimeshika usukani. Nilijisikia vibaya kwa namna ambayo sikuwa nimejisikia kwa muda mrefu, na hasira niliyokuwa nayo haikuwa juu yake.

"Baba Springi ni mimi," nilisema.

Alicheka mpaka akaegemea boneti. Nikamwonyesha dole gumba la mkono wa kushoto. Ukucha wake umegawanyika katikati tangu nilipokuwa najifunza kazi na nyundo ikanipitia. Akatoa karatasi. Kwenye picha, dole gumba lililokandamiza futi lilikuwa na ukucha ule ule, na nyuma yake lilionekana jiliwa la kubania vyuma nililolipaka rangi ya buluu, ambalo bado liko mezani kwangu. Alitazama picha, akatazama kidole, akatazama meza. Kisha akarudia tena, kama anavyokagua mipaka ya kiwanja chenye mgogoro.

Nikamweleza. Miaka tisa iliyopita gereji ilikuwa kavu, na mchana kutwa nilishinda kwenye simu nikifundisha watu kazi. Namba niliyoandika haikuwa ya uongo. Futi ilikuwa nzima na macho yangu yalikuwa mazima. Nilipima mahali ambapo jibu lingekuwa zuri, basi. Hiyo miaka kumi ya milimani ilikuwa chuku. Watu wakaanza kunishukuru, nami nikakivaa kile kilemba cha ukoka nikaona kimenikaa vyema. Miaka miwili baadaye nililinyanyua gari la mteja vivi hivi, paipu ikachanika mbele ya macho yangu, mafuta ya breki yakanichuruzika shingoni. Tangu siku hiyo sijawahi kuinua gari bila kubadilisha paipu.

"Na kule mtandaoni ukasemaje?"

"Sikusema kitu."

"Kwa nini?"

"Niliona aibu."

Alikunja karatasi mara mbili. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza.

"Kwa hiyo sasa nimwamini yupi?" aliuliza. "Wewe wa leo, au wewe wa watu mia tatu?"

"Usimwamini hata mmoja. Nitaweka stendi chini ya chasisi. Lala pale, shika paipu, mimi nizungushe usukani."

Alilala sakafuni na shati lake lililopigwa pasi. Nikazungusha polepole upande wa kulia, nikarudisha, nikazungusha kushoto hadi mwisho.

"Basi!" alipiga kelele. "Basi, rudisha!"

Alitoka chini akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. "Imekuwa ngumu kama chuma," alisema. "Pale mwisho nimesikia inalia." Halafu, kwa kuwa ni yeye, akachukua futi, akarudi chini, akapima kilichopungua na kuandika namba nyuma ya ule ukurasa wa Baba Springi.

Paipu ndefu tulizifunga siku ya pili yake, mbele na nyuma. Gurudumu moja moja lilining'inizwa, usukani ukazungushwa, na safari hii alizungusha yeye nikalala mimi. Alipokuwa akiondoka alinipa ile karatasi.

"Karekebishe," alisema.

Mchana ule, baada ya kula, niliingia kwenye lile kundi la mtandaoni. Nywila niliikumbuka, lilikuwa jina la mbwa wetu wa zamani. Nikaandika kwamba nilikosea, nikaeleza nilivyopima na jinsi inavyotakiwa kupimwa, na kwamba milima niliyoisema sikuiteremka. Hazikupita dakika tano. Mmoja akaandika: "Umelewa? Si wewe uliyesema umepima?" Mwingine akawatahadharisha wenzake kwamba akaunti ya Baba Springi imeibiwa na wauza vipuri. Wa tatu akanitetea dhidi yangu mwenyewe, kwa maneno yangu ya zamani, neno kwa neno. Nilicheka peke yangu pale kwenye benchi.

Kisha nikaanza kuzisoma zile shukrani mia tatu. Miaka yote ile nilikuwa nimezihesabu tu, sikuwahi kuzisoma. Nyingi zilikuwa neno moja. Karibu na mwisho kulikuwa na ya mtu mmoja aliyeandika miaka saba iliyopita, wakati mimi nilishajua ukweli: "Baba Springi, Mungu akubariki. Nimeinua saba, paipu nimeacha kama ulivyosema. Kesho nateremka na mke wangu na watoto. Nikifika nitakuwekea picha."

Picha haikuwepo. Nilimtafuta kundini kote. Kabla ya siku ile alikuwa akiandika kila wiki, mtu mcheshi, anauliza hiki, anajibu kile. Baada ya siku ile hakuna kitu. Huenda aliuza gari. Huenda alipoteza simu, au alichoshwa na kelele za mle ndani, kama watu wengi wanavyochoshwa. Nilijiambia hayo yote, na yote yanawezekana. Chini ya maneno yake nikaandika: "Ndugu, mlifika?"

Jumamosi sikufanya kazi ya maana. Nilipanga spana, nikazipangua. Saa nne asubuhi ukaingia ujumbe wa dada: "Kaka, tumefika salama. Mume wangu anasema breki ni nzuri, ila meza yako ya gereji imeinama."

Niliusoma mara mbili, nikamjibu kwamba nimesikia. Halafu nikafungua ule ukurasa wa kundi, na swali langu lilikuwa bado liko peke yake.