Saa Alizozificha Kaka

Mama aliletwa hospitali Jumapili saa tano asubuhi, amevaa gauni lililopigwa pasi, vifungo vimepishana tundu moja. Mdomo ulikuwa umekwenda upande, mkono wa kulia unaning'inia, na neno halimtoki. Aliyemleta alikuwa mwanawe wa kwanza, aliyekuwa akiishi naye. Kitinda mimba wake, binti, alikuwa zamu maabara, ghorofa ya chini. Alipoitwa alipanda na koti lake la kazi, akamkuta kaka kainama kitandani.

"Imeanza lini?" daktari aliuliza.

"Saa tatu na nusu leo. Tulikuwa tunakunywa chai, nikaona kikombe kinamponyoka."

Daktari akatazama saa ya ukutani. Ipo dawa ya kuyeyusha bonge la damu lililoziba mshipa wa ubongo, lakini ina masharti yake: ikiwahi huokoa, ikichelewa inaweza kuufanya ubongo uvuje damu.

"Mmewahi," alisema. "Picha ya kichwa haionyeshi kuvuja. Tunaandaa dawa."

Binti alishuka na kichupa cha damu ya mama. Hospitali ilikuwa kwenye utafiti wa protini ambayo seli za ubongo zikiumia huivujisha kwenye damu. Kwa miezi minane alikuwa ameipima kwa mamia ya wagonjwa, na mwendo wake aliujua kama njia ya kwenda kwao: kwenye kiharusi cha kuziba mshipa, saa za kwanza huwa kidogo sana, kisha hupanda taratibu hadi siku ya pili, ya tatu.

Baada ya robo saa mashine ilimpa namba ya siku ya pili.

Alisoma jina kwenye kichupa, akapima upya. Namba haikusogea.

Kaka alikuwa kwenye korido, mgongo ukutani.

"Kaka, mama alianguka lini?"

"Si nimeshasema?"

"Damu inasema ni tangu jana."

Kaka alitabasamu kama mtu anayemwonea mtoto huruma. "Siku hizi unaamini mashine kuliko mimi? Nani alikubeba mgongoni kwenda shule mwaka ule ulipovunjika mguu?"

Ni kweli alimbeba, muhula mzima. Kwa hiyo binti alisimama pale, ameona haya, huku nyuma ya pazia muuguzi akichanganya dawa. Kisha akaingia, akapandisha mkono wa gauni la mama. Kiwiko cha kulia kilikuwa cheusi, ngozi imechunika. Nyonga nayo hivyohivyo. Haya hayakuwa majeraha ya mtu aliyeanguka asubuhi akainuliwa.

"Daktari, usimpe," alisema. "Muda si huo."

Bingwa wa picha alipigiwa simu, akaitazama tena ile picha ya kichwa, akaona kivuli ambacho hakiji kwa saa moja wala mbili. Dawa ikarudishwa.

Hapo ndipo kaka aliposema, macho sakafuni. Ijumaa jioni aliondoka na wenzake kuifuata timu yao mji mwingine. Aliporudi Jumapili asubuhi alimkuta mama jikoni, chini. Alimwogesha, akambadilisha nguo, ndipo akatafuta gari.

"Jumamosi mchana nilikupigia," binti alisema. "Simu ya mama ilikuwa haipokelewi. Ukaniambia amelala."

"Nilijua ungeanza maneno."

"Alikuwa sakafuni."

"Sikujua."

"Hukujua. Lakini uliniambia amelala. Na leo wangemchoma sindano ya kumuua, nawe umekaa kimya ili nisijue ulikwenda kwenye mpira."



Siku ya saba damu ilipimwa tena, safari hii kubashiri nafuu. Daktari aliliweka wazi: mkono ungekuwa na kazi kubwa, lakini maneno yalikuwa na matumaini. Na kweli, wiki ya sita, mama akiwa amesharudi nyumbani, maneno yakaanza kuja, moja moja, kama kuku wanaotoka bandani.

Mama mdogo alikuja na wajomba wawili kusuluhisha, maana ndugu hawa walikuwa hawasemezani. Binti alieleza yote. Mama mdogo akamgeukia dada yake. "Hebu tuambie wewe mwenyewe. Siku ile ulikuwa peke yako?"

Mama alimtazama mwanawe wa kwanza. Ulimi ulihangaika.

"Alikuwepo," alisema. "Mwanangu. Alikuwepo."

Kaka alifunika uso. Mjomba mmoja alikohoa. "Basi, binti yangu," mama mdogo alisema kwa upole, "mashine nazo hukosea. Yaishe."

Binti alinyanyua vikombe vya wageni akaenda kuviosha, japo viwili vilikuwa na chai bado. Alipogeuza bomba hakuyahisi maji kama ni ya moto au baridi.

Wageni walipoondoka na kaka alipowasindikiza, binti alikaa kitandani akaanza kumnyoosha mama vidole, kama mtaalamu wa mazoezi alivyomfundisha.

"Mama, unakumbuka ulivyolala jikoni?"

Mama aliitikia kwa kichwa. Chozi lilishuka upande ule wa uso uliokuwa bado mzito.

"Sasa kwa nini?"

"Ni... mwanangu."

"Na mimi?"

Mama alifungua mdomo, akaufumba. Binti alingoja. Aliwajua wagonjwa wa aina hii, neno huwapotea likiwa mdomoni, na alijitahidi kuamini kwamba ni hilo tu. Kisha akakishika kidole cha mwisho, akakinyoosha, akakihesabia hadi kumi.