Chakula cha Dahabo

Dahabo, mke wangu, alimeza dawa wiki sita bila kukosa hata siku moja, na bado homa ilimrudia kila jioni. Viungo vilimuuma hadi akashindwa kuchuchumaa kukama ng'ombe. Kwetu Waorma, mwanamke asiyeweza kukama hujiona amekwisha. Alisema hivyo mwenyewe, na si mtu wa maneno mengi.

Nikamrudisha hospitali, wakamlaza kitandani wodini. Daktari alikuwa yule yule wa mwanzo, Beryl, dada mgeni kutoka bara. Alisoma karatasi ya damu, akahesabu pakiti tupu nilizozifunga kwenye kitambaa.

"Mama, dawa ulikunywa zote?"

"Zote."

"Baada ya chakula?"

"Baada ya chakula."

Akaanza kuandika. Muuguzi Laban, Mpokomo wa kijiji cha Wema kwenye migomba, akaninong'oneza kwamba ile ni barua ya kumpeleka Mombasa, maana ugonjwa umeishinda dawa.

Mombasa. Mama yangu alipelekwa huko, akarudi ndani ya sanda. Dahabo alilijua hilo. Hakulia. Alivuta mtandio, akafunika uso.

Mimi nilikasirika. "Daktari, unadhani tunakudanganya?"

"Sijasema hivyo, mzee."

"Uso wako umesema." Niliacha shule darasa la nne, lakini nyuso za watu ninazisoma vizuri.

Daktari akaweka kalamu chini, akavuta kiti mpaka kando ya kitanda, akaniambia nikae.

"Basi nieleze mnavyofanya nyumbani. Au hapana, usinieleze. Nionyeshe. Ni asubuhi, mama anataka dawa. Fanya kama kawaida."

Niliona ni upuzi. Mtu mzima, ndevu zimeota mvi, nicheze mchezo wa watoto mbele ya wodi nzima? Lakini ile barua ilikuwa pale mezani. Nikachukua kikombe, nikajifanya namimina kutoka kwenye kibuyu, nikampa Dahabo kidonge cha uongo. Akakimeza, akashika kikombe kwa mikono miwili, akanywa hewa.

"Umemimina nini?" daktari akauliza.

"Maziwa."

"Si maji?"

"Maji!" Hapo niliudhika kweli. "Mke wangu anaumwa nimpe maji, kama mtu asiye na ng'ombe? Maji hunyweshwa punda. Mgonjwa hupewa maziwa, tena ya ng'ombe bora, yangali na joto la kiwele."

"Hamchemshi?"

"Ukiyachemsha umeyaua."

"Na kabla ya dawa anakula chakula gani?"

Dahabo akafunua uso. "Chakula si ndiyo hayo maziwa? Uliniuliza kama nimekula. Nimekula."

Laban akapiga makofi. "Waorma nyinyi! Hata maji ya Mungu mnayaonea haya!"

"Nyamaza, mla ndizi," nikamwambia. "Kama ulijua, ungesema wiki sita zilizopita."

Daktari aliichukua barua, akaikunja mara mbili. "Mzee, hili kosa ni langu kwanza. Niliwaambia 'baada ya chakula', nikadhani chakula chenu ni kama changu. Dawa hii ikikutana na maziwa, maziwa huishika, haiingii mwilini yote. Na maziwa mabichi ndiyo yaliyomletea homa. Mlikuwa mnampa dawa na ugonjwa kwenye kikombe kimoja."

Mimi ndiye niliyemchagua ng'ombe wa kumkamia, yule mwekundu. Mimi ndiye niliyembembeleza mke wangu amalize kikombe.

"Kwa hiyo siendi Mombasa?" Dahabo akauliza.

"Tuanze upya kwanza, kwa maji. Lakini saa za dawa pangeni nyinyi. Mimi sijui kwenu mnakama saa ngapi."

Dahabo ndiye aliyepanga: kidonge cha kwanza baada ya swala ya alfajiri, kabla ng'ombe hawajaguswa, na uji wa maji. Cha pili baada ya magharibi, na ugali. Maziwa adhuhuri, yaliyochemshwa. Daktari aliandika kama alivyoambiwa. Akasema turudi baada ya wiki mbili tumpe habari, kwa sababu sisi ndio tunaoiona homa ikija, si yeye.

Wiki ya tatu nilikaa nje jioni nikiingoja homa kama mgeni mbaya. Haikuja. Kesho yake haikuja.

Wiki ya tano, asubuhi, nilisikia maziwa yakipiga chombo, chwaa, chwaa. Nikatoka mbio. Dahabo alikuwa amechuchumaa chini ya yule ng'ombe mwekundu, paji la uso kwenye ubavu wake.

"Unatazama nini?" akasema bila kugeuka. "Sufuria iko pale. Washa moto. Na yakianza kupanda, usisimame hivyo hivyo ukaacha yamwagike."

Nikaenda kuwasha moto.