Bunduki ya Kufukuzia Ndege

Kaka yangu Malimi alikuwa akifukuza kwelea kwelea kwenye mtama wetu kwa kugonga debe na kupiga kelele. Alipofariki, mama alikataza kelele shambani mpaka tuanue matanga. Ndege wakapata nafasi, na mtama ukaanza kuisha.

Nikaenda Bariadi dukani kwa Hashimu, anayeuza bunduki za kuchezea za mtutu mrefu, zinazopiga vigololi vya plastiki.

"Dada Esteria, chukua ya gesi. Unafyatua tu, hata mama anaweza."

"Na gesi ikiisha?"

"Unaagiza Mwanza."

"Ndege watanisubiri?"

Akacheka. "Basi ya springi. Hii haiishi kitu, ila kila ukipiga unaivuta upya. Misuli unayo?"

"Ipi ina kelele?"

"Ya gesi inalia paa! Hii inasikika kidogo tu."

Nikachukua ya springi, kwa ajili ya kile kimya cha mama.

Asubuhi mama akaivuta, ikagoma. "Ibane tumboni, mayu," nikamwambia. Akavuta tena, ikamponyoka. Nikaivuta mwenyewe, nikapiga. Ndege watatu wakaruka, mamia wakaendelea kula. Nikavuta, nikapiga, nikavuta, mpaka kidole kikachubuka na machozi ya hasira yakanitoka.

Mama akaninyang'anya, akaitupa majanini. Akaingia ndani, akatoka na debe la Malimi. Akaligonga kwa nguvu zake zote, huku akiliita jina lake.

Kwelea kwelea wakainuka wote.