Gari Lenye Adabu kwa Fundi

Siku za Mama kwenda kusafishwa damu, Baba huamka kabla yetu na kulizunguka gari kama anavyoizunguka suti kabla ya kumkabidhi mteja. Ni fundi cherehani, na macho yake yamezoea kutafuta mahali uzi utakapoachia. Hufuta vioo, hupima oili, kisha hupanga mito kwenye kiti cha nyuma. Mama naye hukaa kizingitini akiminya mguu wake kwa kidole. Kidole kikitoka, shimo hubaki.

Hospitali yenye mashine iko ng'ambo ya mlima. Basi tulishalijaribu, na Mama akazimia mlangoni tukiwa bado hatujapata pa kukaa. Tangu hapo miguu yake ni gari la Baba, la dizeli, la zamani, lenye turbo. Turbo ndiyo inayolijaza hewa kifuani ili lipande mlima likiwa limebeba watu.

Lakini siku hizi lilikuwa likikata pumzi. Si kila safari, na hilo ndilo lililotutesa. Siku moja linapanda kama mbuzi. Siku nyingine, katikati ya mlima, Baba anakanyaga mafuta, injini inaunguruma, moshi mweusi unatoka nyuma, na mwendo haupo. Malori ya saruji yanatupita yakipiga honi. Baba anabadilisha gia, anainama mbele kama anayelisukuma kwa kifua, na mimi nyuma nimeushika mkono wa Mama bila kuwa na la kufanya.

Tulikuwa tumechelewa mara kadhaa. Mara ya mwisho, sista wa mashine alinivuta pembeni.

"Mdogo wangu, watu wanaosubiri nafasi ni wengi. Mkichelewa tena, kiti chake cha siku hiyo atapewa mwingine. Si roho mbaya, mashine haziongezeki."

Nikamwambia nimeelewa.

Fundi wetu wa magari watu humwita Sikio, maana huweka ncha moja ya mpira kwenye injini na nyingine sikioni, akafumba macho. Alishapaka mabomba yote povu la sabuni kutafuta mahali hewa inapovuja. Alishabadilisha vijipira vyembamba vinavyoiamuru turbo. Alishapitisha dirishani mrija wa kipimo cha nguvu ya hewa ya turbo, akakifunga kipimo kwa utepe karibu na usukani na kwenda kuzunguka mtaa. Akirudi, ni yale yale.

"Mzee, mshale unapanda vizuri kabisa. Gari lako lina adabu. Likifika kwa wageni linakaa mkao wa picha."

"Nyumbani linatutukana," Baba akasema.

"Basi nioeni niwe wa nyumbani, labda na mimi litanitukana!"

Tukacheka, kwa sababu kulia kungetuchukua muda mrefu zaidi. Mimi nilikuwa nimetoka chuo karibuni, na nilikuwa na imani kwamba kila tatizo lina mlango, mtu akitafuta kwa moyo. Nilisoma kwenye simu mpaka macho yakauma. Kila ukurasa ulinipa ugonjwa mpya, na kila ugonjwa ulifanana na wetu.

Aliyeuona mlango ni Mama. Tulikuwa tunakula, yeye akipimia maji yake kwa kizibo cha chupa, maana haruhusiwi zaidi ya hapo.

"Baba watoto, kabla ya kulipeleka kwa Sikio, huwa unalifanyaje?"

"Nalipumzisha. Aliyeniuzia aliniusia, la turbo halizimwi kama taa. Naliacha lingurume taratibu, nalizima, nafungua boneti lipate upepo. Likishapoa ndipo nalipeleka. Utampelekeaje mtu kitu kinachohema?"

Mama akaweka kizibo chini. "Mimi sista hunipima nimevimba. Angenipima baada ya mashine, angesema sina ugonjwa."

Baba akaacha kutafuna. Miezi yote hiyo alikuwa akimpelekea fundi gari lililokwisha kupona, kwa heshima.

"Nilikuwa nalitunza," akasema.

"Najua," Mama akamjibu. "Nani amesema hukulitunza?"

Siku iliyofuata ya mashine tulimchukua Sikio. Alikaa mbele, kipimo mapajani, mrija wake ukipita dirishani. Tuliondoka mapema kuliko kawaida na Baba hakulipumzisha popote. Nilikuwa nimejaa matumaini kiasi kwamba nilikuwa nikiomba gari liharibike. Sijawahi kuomba kitu cha kijinga hivyo kwa moyo safi hivyo.

Likaharibika. Kwenye kona ya juu, panapoinuka zaidi, mshale ukaanguka kama mtu aliyekatwa miguu.

"Simama! Usizime!" Sikio akapiga kelele.

Akafungua boneti, akamwambia Baba akanyage mafuta mpaka mwisho. Hapo tukauona wote. Mpira mnene unaoleta hewa kutoka kwenye kichujio kwenda kwenye turbo ulijikunja na kubonyea, kama mashavu ya mtoto anayenyonya chungwa. Baba akaachia mafuta, mpira ukafutuka, ukawa mzima tena, umetulia.

"Shetani wee," Sikio akasema kwa mapenzi. "Mvuke wa oili umeulainisha. Ukiwa baridi ni mgumu. Ukichemka, turbo ikivuta hewa kwa nguvu, unajifunga koo. Mimi nilikuwa natafuta hewa inayotoka. Kumbe ni inayokosa kuingia."

Baba alimkumbatia. Mimi nikapiga makofi. Mama, kutoka kwenye mito yake, akauliza, "Sasa tunaweza kwenda?"

Hatukuweza. Tuliujua ugonjwa, na tulikuwa mlimani, na mpira mwingine ulikuwa madukani, mjini. Sikio alijaribu kuushika, akaunguza vidole. Akasubiri upoe kidogo, akaufungua kwa kitambaa. Akakata bati la kopo la oili, akalikunja likawa kama mkono wa shati, akaliingiza ndani ya mpira, ukingo wake akaukunjia nje na kuukaza kwa klipu lisije likamezwa na turbo. Baba alimshikia vifaa. Nilisimama barabarani kupunga magari yenye nafasi. Moja lilisimama, dereva akamwona Mama alivyokuwa akihema, akaogopa. "Akinifia humu nitasema nini?" Akaondoka. Nilimpigia sista, simu ikaita mpaka ikakata.

Gari lilipowaka tena lilipanda mlima wote bila kukohoa. Mshale haukutikisika. Sikio aliutazama kama mtu anayeangalia picha za harusi yake.

Sista alikuwa mlangoni. Aliponitazama nikajua.

"Nimempa mwingine sasa hivi. Nilisubiri, Mungu anaona nilisubiri."

"Gari limepona, sista," nikasema. "Tumeujua ugonjwa wake. Hatutachelewa tena."

"Nafurahi, mdogo wangu. Lakini leo viti vimejaa. Kaeni kwenye benchi. Kuna mmoja wa zamu inayofuata hajafika. Asipokuja, nitampandisha mama."

Tukakaa. Baba alisimama dirishani na Sikio, wakiliangalia gari kule chini. Mama aliegemea bega langu, pumzi zake fupi fupi. Mlango wa kuingilia chumba cha mashine ulikuwa wa kioo, na kila aliyeusukuma nilimtazama miguuni. Kama haikuvimba, moyo wangu ulitua. Alipita mfagizi, akapita mtu wa maabara, wakapita wageni wenye matunda.

"Unaombea nini?" Mama akauliza.

"Sijaomba kitu."

"Usiombe asije. Hujui naye amepanda gari gani."

Nilijaribu kuomba kingine, nikakosa maneno.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia msichana wa rika langu, viatu mkononi kwa sababu miguu haikuingia, jasho likimtiririka, akihema kama amepanda ngazi zote mbio. Alitazama saa ya ukutani, kisha akamtazama sista kwa uso ninaoufahamu.

"Sijachelewa? Niambie sijachelewa."

"Hujachelewa," sista akasema. "Kaa kwanza upumue."

Mama akajisogeza kwenye benchi, akampisha nafasi.