Jumapili Zisizo na Mvua

Tangazo lilikuwa limekwama kwenye tumbo la printa. Fundi alifungua kifuniko, akaingiza mkono hadi kiwiko kama mkunga, akavuta karatasi iliyokunjamana kama kitambaa cha kufutia vyombo. Kuchomoa karatasi ilikuwa kazi yake. Kufufua kompyuta zilizozimika ilikuwa kazi yake. Kubadili nywila za wahadhiri wasiokumbuka hata walichokula jana, hiyo nayo yake. Karatasi za namna hii kwa kawaida alizitupa bila kuzisoma, lakini hii ilikuwa na herufi nene juu: NAFASI YA MAFUNZO.

Nafasi ilikuwa moja. Miezi mitatu katika kituo kikubwa cha utabiri, kujifunza kuendesha kompyuta zinazokokotoa hali ya hewa, na gharama zote zilikuwa juu ya wenyeji. Idara ya hali ya hewa ya chuo kikuu ilitakiwa kupendekeza mtu mmoja "anayeshughulika kila siku na kompyuta za idara". Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa, saa sita mchana. Leo ilikuwa Jumanne, na tangazo lenyewe lilikuwa na tarehe ya wiki tano nyuma.

Alikwenda kuutazama ubao wa matangazo. Ulikuwa na ratiba ya mitihani, mtu aliyepoteza miwani, na kalenda ya mwaka jana. Hakuna nafasi ya mafunzo.

Aliyechapisha hakuwa wa kutafutwa, maana printa ile iliandika jina la mtumaji pembeni mwa kila ukurasa. Ni Daktari, mratibu wa mafunzo wa idara. Na Daktari, nje ya idara, alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa mumewe. Wanafunzi walitania kwamba idara hiyo ina wifi za aina mbili, moja ya mtandao haishiki, na nyingine haishikiki.

Uadui wao ulikuwa na umri sawa na ndoa. Siku Fundi alipopelekwa ukweni mara ya kwanza, Daktari alimwuliza mbele ya watu kama diploma ni cheti au ni risiti. Fundi akamjibu kwamba inategemea, wapo waliosoma na wapo walionunua. Tangu siku hiyo walisalimiana kwa sababu tu watu walikuwa wakiwatazama.

Lakini safari hii halikuwa suala la maneno ya ukweni. Mkuu wa idara alikwisha kutangaza kwamba wa kwanza kupata mafunzo ya namna ile ndiye atakayekabidhiwa chumba cha kompyuta mwezi wa saba. Chumba kile Fundi alikilea kama mtoto wa tatu. Kilikuwa na kompyuta ishirini na mbili, sita kati yake zimekufa na kugeuzwa vipuri vya wenzao. Akikikosa, angeletewa bosi wa kumfundisha kazi yake mwenyewe, au angepelekwa stoo kuhesabu viti vibovu.

Mlangoni kwa Daktari hakubisha hodi mara mbili.

"Wifi, hili tangazo..."

"Hapa kazini mimi ni Daktari."

"Daktari, hili tangazo limekaa kwako wiki tano. Lilikuwa linafundishwa kutembea?"

Daktari hakuinua macho kutoka kwenye karatasi zake. Alisema mtu alikwisha kupatikana. Ni yule mhadhiri msaidizi ambaye wanafunzi walimwita Slaidi, kwa sababu hakuweza kusema hata habari za asubuhi bila kuwasha projekta. Fundi akauliza kama Slaidi anajua seva iko chumba gani.

"Atafundishwa," Daktari akasema. "Ndiyo maana yanaitwa mafunzo. Wewe unajua kuchomeka nyaya, na tunakushukuru."

Fundi alimwonyesha kwa kidole kwamba tangazo halikutaja digrii popote. Daktari akalisoma upya, akavuta mdomo, akasema kama ni hivyo basi na aombe, kikao cha idara cha Alhamisi kitaamua. Alisema kwa upole wa mtu anayemfungulia mbuzi mlango wa darasa.

Ombi lilitaka kitu kimoja kigumu. Kila mwombaji achambue mvua ya miaka kumi kutoka kituo cha idara yake mwenyewe, kisha atie sahihi chini kwamba namba zake ni sahihi, au ataje kasoro zake. Kituo chao kilikuwa nyuma ya jengo, kipimamvua ndani ya uzio, kikisomwa kila siku saa tatu asubuhi. Namba zilikuwa kwenye vitabu vikubwa vyenye majalada ya kijani, na wanafunzi wa Slaidi walikwisha kuziingiza zote kwenye kompyuta.

Jumatano Fundi alifunga mlango wa chumba chake akaanza. Hakuwa mtu wa grafu za rangi. Alitaka kwanza kujua kama namba zenyewe zina akili, kwa hiyo alizipanga kwa miezi, kisha kwa siku za juma. Hapo ndipo kiti kilipomwasha. Katika miaka minne ya mwanzo, Jumapili haikunyesha hata mara moja. Si masika, si vuli. Jumapili mia mbili na zaidi, kavu kama mfupa.

Alidhani wanafunzi wamekosea. Akafungua kitabu cha kijani, akakuta sifuri kwenye kila kisanduku cha Jumapili, sifuri za duara zuri zenye kimkia juu. Akafungua ukurasa mwingine, na mwingine, kisha akafunga kitabu na kukikalia, maana alizijua zile sifuri. Zilikuwa zake.

Miaka hiyo minne hakuwa fundi wa kompyuta. Alikuwa mwangalizi wa kituo, diploma yake bado inanuka wino, na msimamizi wa kituo alikuwa Daktari. Jumapili geti la nyuma lilifungwa na ufunguo haukutolewa. Mvua ya Jumapili ilikusanyika ndani ya kipimamvua ikimngoja, naye Jumatatu aliipima yote kwa mkupuo na kuiandika kuwa ya Jumatatu. Mwanzoni kisanduku cha Jumapili alikiacha wazi. Daktari akamwita, akamwambia kitabu chenye mapengo ni kitabu cha mzembe na hataki kuona kisanduku kitupu. Basi akajaza sifuri. Alikuwa mgeni kazini, ana mimba ya kwanza, na bosi wake ni dada wa mumewe. Baadaye geti likaanza kufunguliwa Jumapili, yeye akahamia kwenye kompyuta, na zile sifuri akazisahau kama watu wanavyosahau viatu vya zamani chini ya kitanda.

Nyumbani alimsimulia mumewe huku akikagua madaftari ya watoto. Mumewe alikuwa na jibu moja kwa kila jambo lililomhusu dada yake, nalo lilikuwa "mimi simo". Usiku huo aliongeza kidogo. Alisema amwage ile miaka minne, achambue sita iliyobaki, na akae kimya, kwani nani atakumbuka? Fundi alimwambia ombi linataka kumi. Mumewe akasema basi atumie kumi na akae kimya vilevile. Fundi akamwambia kwa namna ile ile anavyowaambia watoto, asogeze kiti chake anazuia taa.

Lakini alilifikiria. Hilo hakujifichia. Aliosha vyombo akilifikiria, akapiga pasi akilifikiria. Akinyamaza, hakuna atakayezigundua. Akisema, wa kwanza kuumbuka ni yeye.

Alhamisi kikao kilianza na Slaidi. Aliwasha projekta, akaonyesha milima na mabonde ya rangi, akaeleza kwamba amegundua jambo kubwa. Miaka minne ya mwanzo ilikuwa na siku kavu nyingi ajabu, kisha zikapungua ghafla. Alisema badiliko hilo ni la kihistoria. Daktari alitikisa kichwa kwa kuridhika kama mama mwenye harusi. Wahadhiri wanne waliobaki walitazama saa.

Zamu ya Fundi ilipofika hakuwa na slaidi. Alisimama na kitabu cha kijani kifuani.

"Naomba kumwuliza mwenzangu kitu kimoja," alisema. "Siku zako kavu zinaangukia siku gani ya juma?"

Slaidi alisema hajaangalia. Mkuu wa idara, mzee mpole aliyekuwa akisubiri kustaafu kama mtu anavyosubiri gari, akamwomba aangalie. Slaidi akabonyeza, akapanga, akakodoa macho. Ukutani, mbele ya watu wote, safu ya Jumapili ikatokea nyeupe kutoka juu hadi chini.

Daktari ndiye aliyetangulia kuelewa, na Fundi aliona jinsi alivyoelewa, kwa sababu hakuutazama ukuta. Alimtazama yeye.

"Hebu nikione hicho kitabu," Daktari akasema. Akakifungua, akakigeuza kuwaelekea wenzake, akaweka ukucha kwenye sifuri. "Huu ni mwandiko wa nani?"

"Wangu."

"Kwa hiyo miaka minne ulikuwa unatutungia namba."

"Niliandika mimi. Wewe ndiye uliyesema hutaki kisanduku kitupu."

"Nitolee barua. Nitolee hata kikaratasi chenye maneno hayo."

Fundi hakuwa na barua. Amri za namna ile hazipewi kwa barua. Mmoja wa wahadhiri alikohoa, mwingine akaanza kufuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. Daktari akafunga kitabu na kumwuliza mkuu kama idara inaweza kweli kumpeleka nje mtu wa sampuli hii, na kama si bora hata aulizwe anafanya nini hapa.

Mkuu alichukua fomu, akaisoma ile sehemu ya chini kwa sauti, sehemu ya sahihi. Kisha akamsogezea Slaidi kalamu. Alimwuliza kama yuko tayari kuthibitisha kwamba namba zake ni sahihi. Slaidi alisema anahitaji muda. Mkuu akasema muda ni hadi kesho saa sita. Slaidi akaanza kuchomoa waya wa projekta, akaeleza kwamba kwa kweli miezi hiyo mitatu ana mambo ya kifamilia.

"Mimi nitatia sahihi," Fundi akasema.

Aliandika palepale, amesimama, kasoro ya data kwa sentensi tatu. Sifuri za Jumapili za miaka minne si vipimo. Maji ya Jumapili yamo ndani ya Jumatatu. Aliyeziandika ni mwombaji. Kuhusu amri hakuandika kitu, kwa sababu hakuweza kuithibitisha, naye hakutaka kutia sahihi kwenye jambo la pili asiloweza kulithibitisha maishani mwake.

Mkuu akasaini. Ilibaki sehemu ya maoni ya mratibu wa mafunzo.

Daktari aliikalia fomu hadi Ijumaa saa tano na nusu. Kisha akaja nayo mwenyewe chumba cha kompyuta, akaiweka juu ya kibodi bila salamu. Kwenye sehemu ya maoni, kwa kalamu nyekundu, alikuwa ameandika: "Nathibitisha kwamba mwombaji huyu ndiye aliyeandika namba za uongo kwa miaka minne."

"Tuma sasa," alisema. "Saa inakwenda."

Fundi aliilaza fomu kwenye skana. Kompyuta ikamwuliza, rangi au nyeusi na nyeupe? Akachagua rangi. Akatuma saa sita kasoro dakika kumi na nne, Daktari akiwa bado amesimama nyuma yake anapumua.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, nakala moja kwa mwombaji na moja kwa mratibu. Fundi alijua kwamba Daktari naye amelisoma kwa sababu mlango wa mwisho wa ujia ulifungwa kwa kishindo. Barua ilikuwa fupi. Kati ya maombi thelathini na moja, hili peke yake lilitaja kasoro ya data zake, na hili peke yake kasoro yake ilithibitishwa kwa mkono wa mratibu. Mwombaji amepokelewa, na anaombwa aje na vile vitabu.

Daktari alifika saa kumi kasorobo. Nywila yake ilikuwa imekwisha muda na hakuweza kuingia kwenye barua pepe tena. Fundi alimbadilishia, akamwandikia mpya kwenye kikaratasi. Daktari hakuondoka.

"Umemdanganya mkuu, umemdanganya na mdogo wangu," alisema. "Mimi hunidanganyi. Miezi mitatu yote hiyo, hapa nani atachomeka nyaya?"

"Bwana Slaidi."

"Slaidi hajui hata swichi iko wapi."

"Atafundishwa," Fundi akasema. "Ndiyo maana yanaitwa mafunzo, Daktari."

Mlango ulibamizwa hadi printa ikatetemeka, ikameza karatasi mbili kwa pamoja na kukwama. Taa nyekundu ikaanza kumwita. Fundi aliitazama, akatazama saa ya ukutani, akaona saa za kazi zimekwisha, akachukua mkoba wake na vile vitabu vya kijani, akaondoka.